Mahali Ndani ya Kioo: Vizimba vya Mimea na Wanyama Wadogo wa Tanzania

Kizimba cha mimea, ambacho wataalamu hukiita terariamu, ni sanduku la kioo lenye udongo, mimea hai, unyevu na joto la kupimwa, ambamo hufugwa mjusi, kinyonga, chura au kobe mdogo, kwa kujifunza, kwa kuuza au kwa kujifurahisha tu. Kwa msomaji wa Mungaa, kata ya wilaya ya Ikungi katika mkoa wa Singida, shughuli hiyo huenda ikaonekana kuwa ya watu wa mbali waliokosa kazi, kwa sababu mjusi kafiri hukaa ukutani kwake bila kualikwa, hula mbu na nondo bila kulipwa, na hakuna aliyefikiria kumnunulia kioo. Hata hivyo historia ya sanduku hilo imepita Tanzania mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, kwani ua linalopamba vizimba vingi vya Ulaya na Marekani lilitoka Usambara, kobe aliyewashangaza wataalamu wa London alitoka Dodoma, mjusi aliyegombewa na wafugaji wa Ujerumani alitoka katika msitu mmoja mdogo wa Morogoro, na chura aliyeokolewa na kioo alitoka katika korongo la Kihansi. Historia inayofuata ni ya namna watu walivyojifunza, polepole na kwa gharama ya viumbe wengi, kwamba mnyama mdogo habebeki peke yake, bali hubebwa pamoja na mahali pake.

Sanduku lenyewe lilizaliwa London, mji ambao katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ulikuwa umefunikwa na moshi wa makaa ya mawe kiasi kwamba makangaga aliyoyaotesha daktari Nathaniel Bagshaw Ward nyumbani kwake yalikuwa yakifa kila mara. Mwaka 1829 Ward, aliyetaka kumwona nondo akitoka katika pupa, alimfukia pupa huyo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa ya kioo iliyofunikwa, na baada ya siku kadhaa akaona, mahali pa nondo aliyemtarajia, kangaga na jani la nyasi vikichipua humo ndani. Alichokigundua hakikuwa mmea bali mzunguko: maji yalipanda mchana kama mvuke, yakashika kwenye kioo, yakarudi udongoni usiku, na hewa chafu ya mji haikupata njia ya kuingia. Mwaka 1833 alipeleka masanduku mawili ya mimea hadi Sydney kwa merikebu, mimea ikafika hai, na masanduku yaliporudishwa London yakiwa na mimea ya Australia, iliyopita katika baridi ya kusini mwa dunia na katika joto la Ikweta bila kunyweshewa, shaka yote ikaisha. Kitabu chake kuhusu ukuzaji wa mimea katika masanduku ya kioo kilitoka mwaka 1842.

Ingekuwa kosa kuisoma habari hiyo kama hadithi ya daktari na makangaga yake tu. Kwa masanduku ya Ward, Robert Fortune aliihamisha michai kwa maelfu kutoka China hadi India katikati ya karne hiyo, na miche ya mpira iliyooteshwa bustani ya Kew kutokana na mbegu za Brazil ilisafirishwa hadi Ceylon mwaka 1876, ikaja kuunyang'anya Amazon biashara yake. Sanduku la kioo lilikuwa chombo cha dola na mashamba makubwa kabla ya kuwa pambo la sebuleni, na tabia hiyo ya kuchukua kitu cha nchi moja na kukifanya mali ya nchi nyingine haikuliacha hata lilipoanza kuwekwa wanyama.

Afrika Mashariki iliingia katika mzunguko huo chini ya utawala wa Wajerumani. Mwaka 1891 Bustani ya Mimea ya Berlin ilianzishiwa kituo maalumu cha kushughulikia mimea ya makoloni, na mwaka 1902 ikafunguliwa taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako miti ya mabara mengi ilipandwa kwa majaribio. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo, Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, aliokota milimani mmea mfupi wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, akaupeleka kwa baba yake Ujerumani, naye akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover. Wendland aliuita Saintpaulia ionantha mwaka 1893, jina lililomkumbuka ofisa badala ya mlima, ingawa watu wa kawaida wa Ulaya walitenda haki zaidi kwa kuuita ua la Usambara.

Ua hilo hupenda kivuli, hewa yenye unyevu na mwamba wenye udongo haba, yaani hali zilezile ambazo kioo cha Ward huzitengeneza bila taabu, na ndiyo sababu aina zake ndogo zimekuwa miongoni mwa mimea ya kwanza kufikiriwa na mtu anayepanda kizimba. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba jamaa zake wa porini wamebanwa katika vipande vichache vya misitu ya milima ya Tanzania na Kenya, baadhi yao katika maeneo yasiyozidi ukubwa wa shamba, huku ndugu zao waliozalishwa kwenye vyungu wakihesabiwa kwa mamilioni katika madirisha ya dunia. Mwaka 2015 wataalamu wa uainishaji waliliondoa jina la Saintpaulia katika ngazi ya jenasi na kuuingiza mmea huo katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wauza maua hawakujali.

Sanduku la Ward, hata hivyo, lilikuwa limetatua tatizo moja tu, nalo ni la maji. Mungaa haina ukungu wa Usambara. Mvua zake hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha nchi ya uwele, mtama na alizeti hukauka kwa miezi mingi mfululizo. Miamba ya itale, ambayo ndiyo sura ya Singida kwa kila msafiri, hushika joto kali mchana na kupoa usiku, na wanyama wadogo wa nchi ya namna hiyo huishi kwa kuhama hatua chache tu kati ya jua na ufa wa jiwe. Mnyama wa aina hiyo akiwekwa katika kioo kilichofungwa na kutoka jasho kutwa nzima, huugua ngozi na mapafu, na mmiliki wake husema amekufa kwa ugeni. Hakufa kwa ugeni. Alifungiwa katika hali ya hewa ya nchi nyingine.

Nchi kavu ya kati ndiyo iliyoleta somo la pili, na mletaji wake alikuwa Mwingereza aliyeitwa Arthur Loveridge. Alizaliwa mwaka 1891, akaja Nairobi mwaka 1914 kutunza jumba la makumbusho, akapigana katika vita vya Afrika Mashariki huku akiokota nyoka na mijusi kila kikosi chake kilipopiga kambi, na vita vilipokwisha akawa ofisa msaidizi wa wanyamapori wa Tanganyika. Miongoni mwa aliowapata Dodoma walikuwemo kobe wa ajabu, bapa kama chapati, wenye gamba laini linalobonyea chini ya kidole, ambao wakitishwa hawajifichi ndani ya gamba kama kobe wengine bali hukimbilia ufa wa mwamba na kujikaza humo kwa miguu hadi iwe vigumu kuwatoa. Mtaalamu wa London, George Albert Boulenger, aliwapa jina mwaka 1920 kwa heshima ya Loveridge, bila kutambua kwamba kobe huyohuyo alikuwa amekwisha kupewa jina mwaka 1903 na Friedrich Siebenrock wa Vienna, kutokana na kielelezo cha Busisi kusini mwa Ziwa Viktoria. Jina la kwanza ndilo lililoshinda, na kwa hiyo kobe wa miamba huitwa leo Malacochersus tornieri, likimkumbuka Gustav Tornier, Mjerumani aliyeandika juu ya watambaao wa koloni bila jina lake kuhusiana na jiwe lolote la Dodoma.

Mwaka 1922 kobe hao wa Dodoma waliandikiwa makala ndefu na msaidizi wa zamani wa Boulenger, Joan Beauchamp Procter, mwanamke kijana aliyekuwa mgonjwa tangu utotoni na aliyeonyesha jinsi mifupa ya gamba lao ilivyobakiza nafasi tupu ambazo kobe wengine huziziba wakikua. Mwaka uliofuata alikabidhiwa watambaao wote wa bustani ya wanyama ya London, na yeye ndiye aliyesanifu Nyumba ya Watambaao iliyofunguliwa mwaka 1927. Haiwezi kudaiwa kwamba kobe wa Dodoma peke yao walimfundisha kazi hiyo, lakini ni vigumu kuiona kuwa sadfa tupu kwamba mtu aliyetumia muda mrefu kuchunguza mnyama ambaye umbo lake lote ni jibu la swali la mwamba, ndiye aliyesisitiza kwamba mnyama ajengewe mwamba wake.

Kabla ya Procter, nyumba za watambaao zilikuwa majumba ya joto yanayowashwa moto kama mkate unavyowashiwa tanuri, ambamo nyoka wa jangwani na mjusi wa msituni walipata joto moja. Yeye alitumia umeme kumpa kila mnyama joto lake, akaacha ndani ya kizimba kimoja pembe ya moto na pembe ya ubaridi ili mnyama achague mwenyewe, akaweka wageni gizani na wanyama mwangani, na akaagiza kioo cha aina mpya kinachopitisha miali ya urujuanimno. Miali hiyo ni sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa jicho, ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo mwili hauwezi kuitumia vizuri chokaa ya chakula, hata mifupa ikalainika. Miaka ya 1920 ndiyo miaka ambayo madaktari walikuwa wakithibitisha kwamba matege ya watoto wa miji yenye moshi yanatokana na kukosa jua, kwa hiyo mjusi wa kizimbani mwenye taya laini na mtoto wa London mwenye miguu iliyopinda walikuwa wanaumwa ugonjwa mmoja, na wote wawili walitibiwa kwa dirisha. Procter alifariki mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 34.

Yaliyofuata baada ya hapo ni marekebisho zaidi kuliko uvumbuzi, na yanaweza kupitiwa haraka. Taa za mirija zinazotoa urujuanimno ziliingia madukani, vikafuata vipimajoto, vinyunyizio vinavyojiendesha, na mwishoni ule mtindo ambao wafugaji wanauita kizimba chenye uhai, yaani kizimba ambacho udongo wake una wasafishaji wake. Chini huwekwa tabaka la kokoto la kupokea maji ya ziada, juu yake wavu, kisha udongo uliochanganywa na makumbi ya nazi, mkaa na majani makavu. Humo huachiwa wadudu wadogo mno waitwao kolembola, wanaoruka kama viroboto, pamoja na wale viumbe wa magogo wenye miguu 14 ambao ni jamii ya kaa, nao hula kinyesi, ukungu na majani ili yaoze vizuri hadi mizizi ya mmea ipate chakula. Mfugaji aliyezoea kubadilisha magazeti chini ya mnyama wake kila juma huona hayo kuwa maajabu, ingawa mkulima yeyote wa Singida anayeacha samadi ioze zizini kabla ya kuitawanya shambani amekuwa akiijua kanuni hiyo bila kioo.

Mtindo huo ndio uliompa umaarufu mjusi wa samawati. Mwaka 1952 Loveridge, aliyekuwa amehamia Chuo Kikuu cha Harvard tangu mwaka 1924, alimwandika kwa mara ya kwanza mjusi mdogo wa msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, akamwita Lygodactylus williamsi kwa heshima ya John Williams wa makumbusho ya Coryndon jijini Nairobi. Ni jamii ya mjusi kafiri, wa urefu wa kidole, lakini tofauti na ndugu yake wa ukutani hutembea mchana, na dume lake lina samawati kali isiyofanana na rangi ya mjusi mwingine yeyote wa nchi hii, ilhali jike ni wa kijani kilichochanganyika na rangi ya shaba. Kimboza ni msitu wa kilometa za mraba zipatazo nne tu, uliosimama juu ya mawe ya chokaa, na ndani yake mjusi huyo hukaa karibu siku zote katika mikadi, miti yenye majani marefu ya miiba yanayojipanga kama ngazi ya kuzunguka. Katika makutano ya majani hayo hukusanyika maji ya kunywa na wadudu wa kula, humo ndimo dume hulinda mipaka yake, na huko ndiko jike hubandika mayai yake mawili mawili.

Kwa zaidi ya miaka 50 jina lake lilikaa katika vitabu bila kumsumbua. Kisha, mwanzoni mwa karne hii, vizimba vidogo vya kioo vilivyosimama wima, vyenye mimea na taa nzuri, vilienea Ulaya, na ghafla kukawa na mahali pa kumweka mnyama wa sentimita chache ambaye zamani angefia njiani au angepotea ndani ya tangi. Uzuri wa sanduku ukawa balaa ya msitu. Watafiti waliofanya kazi Kimboza walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi kati ya 32,310 na 42,610, sawa na kiasi cha asilimia 15 ya mijusi wote wa msitu huo kwa wakati ule, na kwa kuwa majani ya mkadi yako juu na yana miiba, njia rahisi ya kumfikia mjusi ilikuwa kuukata mti wenyewe. Anayekata mkadi mmoja huchukua mijusi wa leo na kubomoa nyumba ya mijusi wa miaka ijayo, na msitu ambao tayari unavamiwa na mwerezi wa kigeni uitwao Cedrela odorata haurudishi mkadi huo haraka. Tanzania haikuwa imetoa kibali cha kusafirisha aina hiyo. Wengi walipita mipakani wakiwa wameandikwa majina ya jamaa zao wa kawaida, kwani ofisa wa forodha anayefunguliwa boksi la mijusi wadogo waliofungwa katika vitambaa si rahisi atofautishe Lygodactylus mmoja na mwingine, hasa jike.

Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili lilimwingiza mjusi huyo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg wa nchi wanachama wa CITES, yaani mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, aliwekwa katika Kiambatisho cha Kwanza, ambacho hukataza biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini, na katazo hilo likaanza kutumika Januari 2017. Kobe wa miamba alipandishwa hadi kiambatisho hichohicho mwaka 2019, baada ya miongo mingi ya kuchokonolewa katika nyufa zake. Hutaga yai moja tu kwa mara moja, na ufa uliovunjwa kwa mtaimbo hauwi tena ufa wa kobe. Tanzania yenyewe ilisimamisha mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na tangazo la Juni 2022 la kulegeza zuio hilo kwa miezi michache, ili wafanyabiashara waondoe wanyama waliobaki mikononi mwao, lilizua malalamiko hata likasitishwa katika muda wa siku chache.

Wafugaji wa Ulaya wana hoja yao, nayo inastahili kusikilizwa. Wanasema kwamba mjusi wa samawati sasa anazaliwa vizimbani kizazi baada ya kizazi, na kwamba mjusi aliyezaliwa Ujerumani hapunguzi mmoja wa Kimboza. Ni kweli kwamba anazaa, na namna wanavyomzalisha inafundisha: kwa kuwa mkadi wa Kimboza haupatikani madukani, huweka mkonge mwitu, ule unaojulikana kwa jina la Sansevieria ambao nyuzi zake zimesokotwa kamba katika nchi kavu za Afrika tangu zamani, kwa sababu majani yake magumu yaliyosimama yanamridhisha mjusi kama ngazi, huongeza mianzi iliyokatwa, hunyunyiza maji asubuhi na jioni, huweka pembe moja ya joto la nyuzi 30 na zaidi kidogo huku usiku ukipoa hadi karibu nyuzi 20, na humlisha nzi wa matunda na nyenje wadogo waliopakwa unga wa chokaa. Lakini hoja yao ina ufa wake. Mababu wa mijusi hao walitoka Kimboza wakati hakuna kibali kilichotolewa, na uzazi wa kizimbani uliofuata hauwezi kuligeuza lililoibwa kuwa urithi halali, wala haujapanda mkadi hata mmoja chini ya Uluguru.

Kizimba cha Kihansi kina historia nyingine, na ndicho kinachostahili kusimuliwa kwa kirefu kuliko vingine vyote. Mto Kihansi huporomoka kutoka ukingo wa Udzungwa katika korongo lenye kina, na chini ya maporomoko yake upepo na manyunyu ya maji vilikuwa vikilowesha mchana na usiku vinamasi vya majani visivyozidi ekari chache, visivyojua joto kali wala ukame. Mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme ukiendelea, wachunguzi wa mazingira walikuta humo chura wa rangi ya dhahabu asiyefikia sentimita tatu, ambaye hatagi mayai bali huzaa vichura vilivyokamilika, na kundi la wanasayansi lililomjumuisha Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam likamtangaza kuwa aina mpya, Nectophrynoides asperginis. Hakuna mahali pengine duniani alipopatikana. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi mwishoni mwa karne, sehemu kubwa ya maji ikageuzwa kupita katika handaki, maporomoko yakapungua kuwa mkondo, na manyunyu ya maji yakakatika.

Mwishoni mwa mwaka 2000 chura 499 walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na kutoka hapo wakagawanywa katika bustani kadhaa za Marekani. Hapo ndipo kioo kilipojaribiwa kuliko wakati wowote uliopita, kwa kuwa hakuna aliyejua chura huyu anahitaji nini, na kilichojulikana tu ni kwamba alitoka mahali ambapo mvua haikatiki. Waliwekewa vinyunyizio, mimea laini inayotandaa juu ya mawe mabichi, na wadudu wadogo kuliko punje ya uwele. Hata hivyo walikufa kwa mamia, kwa vimelea, kwa lishe pungufu, na kwa taa zisizotoa urujuanimno wa kutosha, yaani kwa kosa lilelile ambalo Procter alikuwa amelijibu mwaka 1927 kwa watambaao wake. Katika miaka michache walibaki wasiofika mia moja, katika bustani mbili tu, Bronx na Toledo. Kosa hilo halikuwa la uzembe: kila aina ya mnyama ni kitabu kipya, na waliokuwa na chura huyo walikisoma wakiwa wamechelewa. Taa ziliporekebishwa na chakula kikapanuliwa, chura wakaanza kuzaa, wakaongezeka hadi kufikia maelfu.

Nyumbani, katika korongo, mabomba yalikuwa yamewekwa mwaka 2001 kuchukua maji mtoni kwa mteremko na kuyanyunyiza juu ya vinamasi vilivyokauka. Majani yakarudi, na chura wakaongezeka hadi Juni 2003, walipokadiriwa kuwa maelfu mengi. Kisha, katika miezi michache, wakaporomoka, na Januari 2004 walionekana watatu tu. Ugonjwa wa kuvu wa kitridi, unaoziba ngozi ambayo chura huitumia kupata maji na chumvi, ulikutwa katika miili yao. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini, maana yake alikuwa hai ndani ya kioo tu, katika miji ambayo haijawahi kuona mlima wa Udzungwa.

Agosti 2010 chura 100 walirudishwa Dar es Salaam, katika maabara iliyojengwa Chuo Kikuu kwa ajili yao, ambako watunzaji wa Kitanzania walikuwa wamefundishwa Marekani kupima maji, kuzalisha kolembola na kubadilisha viatu kabla ya kuingia chumba cha chura ili wasibebe kuvu. Mwaka 2012 maelfu ya chura yalirudishwa korongoni, na hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa mara ya kwanza duniani amfibia aliyetoweka porini kurejeshwa kwao. Kwa mizani yoyote ya haki, kati ya vizimba vyote vilivyotajwa hapa, ni hiki kilichojengwa kwa nia ya kufunguliwa ndicho kinachoweza kutetewa bila kusitasita. Vingine vyote vinahitaji mawakili.

Kwa mwalimu wa Mungaa anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake kizimba, historia hii inaacha mambo ya kiasi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata wala kumfuga mnyamapori bila kibali, na kobe wa miamba hata akionekana njiani aachwe aende kwenye ufa wake. Kinachoweza kupandwa bila kumkosea mtu ni kizimba cha mimea na wadudu: mkonge mwitu, mawe bapa yaliyopangwa ili yaache nafasi, mchanga, majani makavu, juu pawe wazi na si kioo kilichofungwa, pembe moja juani na nyingine kivulini. Mjusi kafiri hahitaji kuwekwa humo, kwa kuwa yuko tayari ukutani, mwenye jina la lawama linaloendana na masimulizi kwamba aliupuliza moto wa Nabii Ibrahimu, na bado anakula mbu wa waumini na wasio waumini.

Chura wa Kihansi wanaendelea kuishi chini ya mabomba, kwa sababu maji yao mengi bado yanapita handakini. Umeme wa maji hayo huingia katika gridi ya Taifa, na njia kuu inayotoka Iringa hupita Dodoma na Singida kuelekea Shinyanga. Nyumba ya Mungaa iliyounganishwa na gridi hiyo huwasha taa yake jioni, nondo hukusanyika, na mjusi kafiri hutoka nyuma ya paa kuwasubiri.